Magari: Neno la Kutamani

Ukimwuliza mtu swali la ndiyo au hapana, naye akakujibu kwa neno moja, unatarajia kujua papo hapo kama amekubali au amekataa. Waitaliano wana neno linalovunja tarajio hilo asubuhi hadi usiku, na wao kwa wao hawapotezani. Mwulize Mwitaliano kapera, “Umeoa?” Akikujibu “Magari!” maana yake hapana, hajaoa, ila angependa sana kuoa. Kisha mwambie mtu huyohuyo, “Nikupeleke kituoni kwa pikipiki yangu?” Akijibu tena “Magari!” maana yake ndiyo, tena kwa furaha, twende zetu. Neno ni lilelile, herufi sita, halikuongezwa kitu wala kupunguzwa. Kilichobadilika kiko nje ya neno, na katika sura hii ndicho tunachokitafuta.

Kwa matamshi, Mswahili hana la kujifunza. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ma-GA-ri, kama tunavyosema sisi. G ni ile ya gunia, na r hupigwa kwa ncha ya ulimi. Kwa sikio letu huo ni wingi wa gari hasa. Lakini hakuna undugu hapo: gari letu lilivuka Bahari ya Hindi kutoka kwa Wahindi, na magari la Waitaliano lilivuka Bahari ya Mediterania kutoka kwa Wagiriki. Yamefanana kwa bahati tu, na msomaji akishalijua hilo anaweza kuliacha nyuma.

Vitabu vinavyompa mwanafunzi maana ya haraka humwandikia kwamba magari ni “labda”. Si uongo, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uhai. Mfikirie mwanafunzi huyo akiwa stesheni ya Termini, Roma. Anamwuliza abiria aliye kando yake kama treni ya Napoli iko kwenye saa yake: “Il treno è in orario?” Abiria anainua macho juu, anajibu, “Magari!” Mwenye “labda” kichwani anadhani treni huenda iko tayari, anaburuza sanduku lake mbio hadi jukwaani. Kumbe ameambiwa kinyume kabisa. Treni imechelewa, na yule aliyejibu anatamani isingechelewa. Muda ulikuwepo wa kutosha kunywa kahawa.

Sisi tungejibu vipi? Wengi wetu tungesema “Ah, wapi!” Ni jibu zuri, lakini halifiki pale magari linapofika. “Wapi!” hukanusha na kuishia hapo, bila kusema kama msemaji anasikitika au anashukuru. Mtu akiulizwa kama amehamia kwa wakwe zake, anaweza kujibu “Wapi!” huku moyoni akimshukuru Mungu kwamba hajahamia. Magari haliwezi kutumika hivyo. Lazima kitu kinachokanushwa kiwe kinatamaniwa. Mwitaliano akiulizwa kama amefukuzwa kazi, hawezi kujibu “Magari!” isipokuwa kazi yenyewe imemchosha kiasi cha kuomba afukuzwe, na akijibu hivyo wenzake wote watajua amechoka. Labda “Ingekuwa hivyo!” au “Natamani!” ndiyo yanakaribia zaidi, au lile la watu wa pwani, “Mola angejaalia!” Waitaliano nao wana tafsiri yao ya magari kwa maneno marefu: “Volesse il cielo”, yaani laiti mbingu zingetaka.

Sasa turudi kwa yule kapera na pikipiki. Aliyeuliza habari za ndoa hana mke wa kutoa mfukoni. Ameuliza hali ya mambo ilivyo, na hali hiyo haibadiliki kwa sababu imeulizwa. Mwenzake akisema anaitamani, amekiri kwamba hana. Lakini aliyeuliza habari za pikipiki ana ufunguo mkononi. Akiambiwa kwamba jambo hilo linatamaniwa, hakuna kilichobaki ila kuwasha injini. Kwa hiyo anayesikia “Magari!” asishughulike kwanza na neno. Aangalie nani ana uwezo wa kulitimiza lile lililotajwa. Kutamani mbele ya mwenye uwezo ni kupokea, na kutamani mbele ya asiye na uwezo ni kueleza upungufu.

Ukilishika hilo, mazungumzo mengi ya Kiitaliano hufunguka yenyewe. “Vuoi un caffè?” unataka kahawa? “Magari!” ndiyo, kwa sababu aliyeuliza ndiye atakayeiagiza. “Sei in ferie?” uko likizo? “Magari!” hapana, kwa sababu likizo hutolewa na mwajiri, si na jirani aliyeuliza. “Ti do una mano?” nikusaidie? Ndiyo. “Hai finito?” umemaliza? Hapana, kazi bado ni nyingi.

Panapokuwa na utamu wa kweli ni pale uwezo unapogawanyika kati ya watu wawili. Rafiki anauliza, “Vieni al mare con noi domenica?” yaani utakuja nasi baharini Jumapili? Mwenzake anajibu, “Magari!” Hapo hata Mwitaliano aliyezaliwa na lugha hiyo hunyamaza kidogo akasubiri sentensi ya pili. Mwaliko uko mikononi mwa rafiki, ila Jumapili yenyewe huenda iko mikononi mwa bosi, au mwa mama mgonjwa, au mwa mtoto mwenye mtihani Jumatatu. Ikija “A che ora?” saa ngapi, safari ipo. Ikija “Devo lavorare”, lazima nifanye kazi, safari haipo. Sauti husaidia: mara nyingi kinachopokelewa husemwa haraka, na kisichowezekana hurefushwa kwenye silabi ya kati, magaaari, na pumzi ikatolewa mwishoni. Bado mwenye adabu husubiri ile sentensi ya pili.

Hayo yote ni magari likiwa peke yake, kama jibu. Likiingia ndani ya sentensi hukutana na kitenzi, na hapo sarufi huanza kusema waziwazi kile ambacho jibu fupi lilikiacha msikilizaji akikadirie.

Italia ina bahati nasibu iitwayo SuperEnalotto, iliyoanza 1997. Mchezaji huchagua nambari sita kati ya 90. Njia za kuchagua nambari hizo ni 622,614,630, na moja tu kati yake ndiyo ya zawadi kuu. Tarehe 16 Februari 2023 zawadi hiyo ilipita yuro milioni 371. Tiketi huuzwa kwenye duka la tumbaku, tabaccheria, palepale watu wanaponunua stempu na tiketi za basi, na kwa hiyo mjadala wa utajiri humkuta hata aliyekwenda kununua kiberiti. Sikiliza wateja wawili. Wa kwanza anatazama bango lenye kiasi cha zawadi, anasema, “Magari vincessi!” Wa pili anasema, “Magari vinco.” Wote wawili wametumia kitenzi cha kushinda. Tofauti ni hali ya kitenzi tu, lakini ni tofauti kubwa kuliko inavyoonekana.

Vincessi ni ile hali ambayo Waitaliano huiita congiuntivo, hali ya yasiyo hakika, na hapa iko katika umbo lake la kutamani jambo lililo mbali. Kwa Kiswahili: laiti ningeshinda. Aliyesema hivyo pengine hata tiketi hanunui. Anaziona yuro zile zikipita kama mtu anavyoitazama ndege angani. Vinco ni hali ya kawaida, ile ya mambo yanayotokea: ninashinda, nitashinda. “Magari vinco” ni huenda nikashinda, na aliyesema hivyo tayari anatafuta sarafu mfukoni. Neno lilelile limesimama mbele ya kitenzi kilekile. Wa kwanza amejitoa katika mchezo, wa pili amejiingiza.

Kuna hatua ya tatu, ya yule aliyecheza wiki iliyopita akakosa: “Magari avessi vinto!” laiti ningalishinda. Hapo uwezo hauko kwa mtu yeyote tena, maana jambo limekwisha kupita. Kiswahili kinatuwezesha kuifuata ngazi hii bila taabu, kwa kuwa tuna -nge- na -ngali-, na vitabu vya sarufi sanifu huzitenganisha hivyohivyo: ya kwanza kwa jambo ambalo bado lingewezekana, ya pili kwa lililokwisha kuponyoka. Kweli, siku hizi wasemaji wengi huzichanganya. Naona ni hasara. Lugha yenye viambishi viwili vya majuto ni lugha tajiri, na wazee waliosema kwamba ningalijua huja nyuma walikuwa wakikitumia kiambishi cha pili kwa kazi yake hasa.

Waitaliano nao wana huzuni yao ya namna hiyo. Kwa miaka mingi wamekuwa wakilalamika kwamba congiuntivo inakufa midomoni mwa watu. Katika filamu ya Fantozzi ya 1975, karani mnyonge aliyeigizwa na Paolo Villaggio anaibomoa hali hiyo kila anapojaribu kuonyesha heshima, na nchi nzima ilicheka kwa sababu ilijisikia. Lakini baada ya magari la kutamani, congiuntivo imesimama imara. “Magari fosse vero”, laiti ingekuwa kweli, husemwa na profesa na husemwa na mchuuzi wa samaki. Nadhani sababu ni kwamba hapo hali hiyo haitumiki kama pambo la adabu. Inabeba maana ambayo bila yake ingepotea: pengo kati ya lililopo na linalotakiwa.

Mwongozaji Ginevra Elkann alilifanya neno hili kuwa jina la filamu yake ya mwaka 2019, iliyofungua tamasha la filamu la Locarno huko Uswisi. Ni habari ya ndugu watatu ambao wazazi wao wametengana. Wanaishi Paris na mama yao, kisha wanapelekwa Italia kwa baba, na ndoto yao ni kwamba wazazi warudiane. Jina ni Magari, basi, bila kitenzi wala maelezo. Sijui kama lingepatikana jina bora zaidi. Watoto wa wazazi waliotengana ndio watu wasio na uwezo wowote juu ya jambo wanalolitaka kuliko yote, na neno hili ndilo linalobaki mkononi mwa mtu wa namna hiyo.

Lilitoka wapi neno lenye uzito huu? Kwa Wagiriki, na lilianza kama salamu ya heshima. Katika Kigiriki cha kale makarios ni mtu mwenye heri, aliyebarikiwa, aliye katika hali njema isiyotetereka. Kwanza ilikuwa sifa ya miungu. Baadaye wakaitwa hivyo binadamu waliojaliwa, na pia wafu, kwa kuwa wamepumzika. Hadi leo Mgiriki akimtaja marehemu husema makaritis, na Mswahili anayejua kwamba marehemu kwa asili ni mtu aliyerehemiwa ataona kwamba watu wawili walio mbali wameifikia adabu moja. Jina Makarios lenyewe si geni Afrika Mashariki: seminari ya Kiorthodoksi ya Riruta, Nairobi, ina jina la Askofu Mkuu Makarios wa Tatu, rais wa kwanza wa Kupro.

Ukimwita mtu wa aina hiyo kwa Kigiriki, unasema makarie, ewe mwenye heri. Umbo hilo la kuita ndilo lililoingia Italia, katika zama ambazo watawala na mabaharia wa Kigiriki walikuwa na nguvu kubwa kwenye rasi ile. Milki ya Bizanti ilishika Ravenna hadi mwaka 751, na kusini iliushikilia mji wa Bari hadi Wanormani walipouteka 1071. Kumwita mwingine mwenye heri ni kuiona heri yake, na aliyeiona heri ya mwenzake huanza kuitaka iwe yake. Ndivyo mwito ulivyogeuka kuwa ombi, na ombi likageuka kuwa shauku: heri iwe hivyo, ingekuwa heri, laiti.

Kwa msomaji wa lugha nyingine, safari hii kutoka baraka hadi shauku huonekana ya ajabu. Kwetu si ajabu hata kidogo, maana Kiswahili kimeipita njia hiyohiyo kwa miguu yake. Fungua Injili ya Mathayo, sura ya tano, pale mlimani. Katika Kigiriki kila baraka huanza na makarioi, wingi wa makarios. Katika Kiswahili kila moja huanza na “Heri”. Heri yetu tuliipokea kutoka Kiarabu, ikiwa na maana ya wema na baraka, nasi tunaitumia hivyo katika kwaheri na katika heri ya mwaka mpya. Lakini angalia tulivyoifanya. Tunasema heri nusu shari kuliko shari kamili, na hapo baraka imegeuka kuwa afadhali. Kisha mtu aliyenyeshewa njiani anasema, “Heri ningekaa nyumbani,” na hapo afadhali imegeuka kuwa majuto na shauku. Mwitaliano aliyenyeshewa angesema, “Magari fossi rimasto a casa.” Neno la mwenye baraka limekuwa neno la asiyenayo, kwake na kwetu, bila upande mmoja kuuiga mwingine.

Hata neno letu laiti ni la kupokea, kutoka layta ya Kiarabu. Wahispania nao hutamani kwa neno ojalá, ambalo wataalamu hulirudisha kwenye Kiarabu cha Andalusia, katika maneno ya kumtaja Mungu kama angependa. Ukizunguka Mediterania na kushuka hadi pwani yetu unakuta mataifa yaliyoazimana maneno ya kutamania. Pengine jambo la moyoni husemeka vizuri zaidi kwa neno lililofika na sala za watu wengine.

Kigiriki cha leo bado kina makari, na kazi yake ni ileile ya laiti. Waromania wana măcar, ila kwao ni “angalau”. Waserbia na Wabulgaria wana makar, ambalo ni “angalau” na pia “hata kama”. Huko Sicilia neno limesogea mbali zaidi: macari ni “pia” tu. Wasomaji wa Andrea Camilleri, mwana wa Porto Empedocle aliyezaliwa 1925, hulikuta neno hilo mara kwa mara katika riwaya za Inspekta Montalbano zilizoanza kutoka 1994, na msomaji wa Milano anayelisoma kwa maana yake ya nyumbani atapotea kidogo kabla ya kuzoea. Ukiyapanga haya unaona jinsi shauku inavyopungua uzito hatua kwa hatua. Anayetamani sana atakubali angalau kidogo. Anayekubali kidogo atakubali hata kile cha mwisho. Na “hata” ikizoeleka mno hubaki kuwa “pia”.

Kiitaliano sanifu kimehifadhi hatua moja ya katikati. Mtu akisema “Ci vado, magari a piedi”, anamaanisha atakwenda, hata kwa miguu. “Aspetto magari tutta la notte”: nitasubiri, hata usiku kucha. Kwa mtazamo wa kwanza hakuna shauku hapa, kwani nani anatamani kutembea kilomita kumi au kukesha? Lakini tuulize tena lile swali letu la uwezo. Msemaji hana basi, hana gari, ila ana miguu, na anaitoa. Hapa magari halisubiri mtu mwingine akubali. Msemaji mwenyewe ndiye mwenye kulitimiza, na neno linatangaza yuko tayari kufika wapi. Nalipenda magari hili kuliko yote, kwa kuwa linageuza udhaifu kuwa ahadi.

Maana iliyotapakaa zaidi katika mazungumzo ya kila siku ni ile ya vitabuni, “labda”, na hapo mwanafunzi hukutana na neno jingine, forse. Yote mawili ni labda, lakini hayana tabia moja. Forse hupima. “Forse piove”, labda itanyesha, ni kauli ya aliyetazama mawingu akakadiria. “Magari piove” inaweza kuwa makadirio pia, ila ikisemwa na mkulima wa Puglia ambaye mizeituni yake inakauka, ni nusu utabiri na nusu dua. Si kila mara, na ni vema kusema hivyo. Mtu akichelewa na wenzake wakasema “Magari ha perso il treno”, huenda amekosa treni, hakuna anayemtakia mabaya. Shauku imechakaa hapo hadi kubaki dhana tupu. Hata hivyo mama anayemfariji mwanawe mwenye homa atasema “Magari non è niente”, pengine si kitu, na hatachagua forse, kwa kuwa forse lingemwachia mtoto mizani yenye pande mbili, na mama anataka upande mmoja ushuke.

Katika adabu, magari hili la labda hufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na maneno mengi ya kuzunguka. “Magari chiudi la finestra?” ni kumwomba mtu afunge dirisha bila kumwamuru, dirisha linaachwa mikononi mwake. “Passo io, magari”, magari likiwa mwishoni, ni kusema nitapita mimi, ukipenda. “Magari un'altra volta”, labda siku nyingine, ni namna ya upole ya kukataa, na kila mtu anajua imekataliwa. Hapa neno linakaribia inshallah ya mitaa yetu, si ile ya msikitini bali ile ya mtu aliyealikwa harusini asiyetaka kusema hatokwenda. Inshallah humwachia Mungu uamuzi, magari humwachia mwenzako au humwachia siku. Kwa yote mawili, msemaji ameondoa mkono wake taratibu bila kumwudhi mtu.

Kuna wakati upole huo hugeuka makali. “La prossima volta magari avvisa” kwa maneno matupu ni “safari ijayo labda utoe taarifa”, lakini aliyechelewesha chakula cha watu kumi anajua amekaripiwa. Kali zaidi ni “e magari”, na pengine. Jirani amekukwangulia gari, hakuomba radhi, “e magari vuole anche essere ringraziato”, na pengine anataka ashukuriwe juu. Kiswahili kina “juu” hiyo, na “tena” ya mgombano: tena anataka ashukuriwe! Shauku bado ipo, ila safari hii ni ya mwenzako, nayo imetajwa ili ionekane isivyostahili. Ni magari pekee ambalo mgeni asijaribu kulitumia mapema. Likikosewa sauti huumiza.

Kwetu, mahali ambapo neno hili husikika kwa wepesi ni Malindi na Watamu. Waitaliano walianza kufika huko kwa wingi baada ya mradi wa anga wa San Marco, uliorusha setilaiti yake ya kwanza kutoka jukwaa la baharini, kaskazini ya Malindi, mwezi Aprili 1967. Walifuata watalii, wenye hoteli, wapishi, wastaafu, na leo si ajabu kumkuta kijana wa Malindi anayezungumza Kiitaliano cha biashara ambacho hakukisomea darasani. Dereva wa tuktuk akimwuliza mzee wa Kiitaliano aliyelemewa na vikapu vya sokoni kama anataka kupelekwa nyumbani, na mzee akajibu “Magari!” kwa uso wa furaha, mgeni wa mji atadhani tuktuk imedharauliwa na kwamba yanatakiwa magari. Mwenyeji wa Malindi anashuka, anapokea vikapu. Uwezo ulikuwa wake, na jibu lilikuwa ndiyo.

Inabaki ile kauli inayowasumbua wageni wengi kuliko zote, inayosemwa watu wanapoagana: “Magari ci vediamo”, huenda tukaonana, au “Magari ci sentiamo”, huenda tukapigiana simu. Kitenzi kiko katika hali ya kawaida, si ya laiti, kwa hiyo mlango haukufungwa. Lakini uwezo umegawanywa sawasawa kati ya wawili, kila mmoja akimwachia mwenzake nusu, na jambo lililogawanywa hivyo mara nyingi halibebwi na yeyote. Anayetaka kweli waonane aichukue nusu yake. Aulize, “Quando?” lini? Akitajiwa siku, hata ikiwa ni Alhamisi ya wiki ya tatu, aiandike na ajiandae kwenda. Akijibiwa “Eh, magari più avanti”, labda hapo mbele, na siku isitajwe, ameshajibiwa; amsalimie vizuri mwenzake, asimsumbue kwa simu.